Gari Lililomtii Mama Mkwe

Mimi ni daktari wa ng'ombe, na maisha yangu yote nimewatibu wagonjwa wasiosema. Ng'ombe hakuambii anaumwa wapi. Unamshika masikio, unamchungulia ufizi, unanusa pumzi yake, unakisia, na mwenye ng'ombe amekusimamia hapo, mikono kiunoni, anakutazama kama mwizi. Sasa fikiria furaha yangu siku nilipogundua kwamba simu inaweza kuliuliza gari linaumwa nini, na gari likajibu. Nilivimba kichwa. Hata wewe ungevimba.

Gari langu ni fobaifo, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, la mtumba kutoka ng'ambo. Sura yake imechakaa lakini halikatai kazi. Bila hilo mimi si daktari. Mvua ikinyesha kule Seme au huku chini ya Sondu, udongo mweusi hushika gari dogo jinsi ugali unavyoshika mwiko, na ng'ombe hasubiri barabara ikauke ndipo azae.

Mambo yalianza na taa. Taa ndogo ya manjano, yenye picha ya injini, iliwaka mbele yangu ikakataa katakata kuzima. Nilipeleka gari kwa fundi, akasema ni plagi. Nikabadilisha plagi, taa ikaendelea kunikodolea. Fundi wa pili akasema ni pampu. Wa tatu, ambaye kwa kweli nilimpenda kuliko wote, alibandika kipande cha utepe mweusi wa gundi juu ya ile taa, akajifuta mikono na kuniambia, "Daktari, imezima."

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja Kalasinga anayeuza spea mjini Kisumu, katika duka ambalo baba yake aliuza spea na babu yake aliuza spea. Hunipigia kelele kila nikiingia, nami humpigia pia, tunaheshimiana hivyo. Alitoa droo, akanipa kidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti.

"Hii unachomeka chini ya usukani, hapo karibu na goti," akasema. "Gari inaongea na kidude, kidude inaongea na simu. Wewe soma. Soma mpaka ushibe. Lakini usiandike."

"Nisiandike nini?"

"Usibadilishe kitu, bwana! Gari iko na akili yake, wewe uko na yako. Wacha zikae mbali mbali."

Nilirudi nyumbani, nikapiga magoti kando ya mlango wa dereva, nikaingiza kichwa chini ya usukani na kuchomeka kidude. Nikapakua programu yake kwenye simu. Haki ya Mungu, gari likafunguka kama muumini anayetubu. Joto la maji, hili hapa. Nguvu za betri, hizi hapa. Na ule ugonjwa wa taa ya manjano, ulioshinda mafundi watatu, ulikuwa nini? Kifuniko cha tangi la mafuta hakikukazwa vizuri. Nikakikaza. Nikaifuta ile taarifa kwa kidole, nikabandua gundi, na taa ilikuwa imezima kweli. Nilimweleza kila mtu. Niliwaeleza wenye ng'ombe, nikamweleza pasta, nikawaeleza watu niliowakuta wakila nyama bila kunialika.

Ungekuwa mwisho wa habari kama ile programu ingekuwa na ukurasa wa kusoma tu. Lakini ilikuwa na mwingine, wa kubadilisha tabia za gari, na ukurasa huo ulinitazama nami nikautazama. Nilianza na kengele ya mkanda, ile inayolia kama mbuzi aliyeachwa na mamake. Nikainyamazisha. Nikafanya taa za mbele zibaki zikiwaka kidogo baada ya kuzima injini, zinisindikize mpaka mlangoni. Nikafanya milango ijifunge yenyewe. Hilo la milango lilinitia matatani, maana ilijifunga siku moja pale Dunga, mke wangu akiwa nje na samaki wake mikononi, jua la mchana linamchoma, nami niko ndani nahangaika na simu kutafuta nilipobonyeza. Mke wangu ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alisema maneno machache kupitia kioo, na wauza samaki wote wa Dunga wakasimama wima kama wanafunzi.

"Umelitomasa hilo gari mpaka limepata wazimu," aliniambia tulipofika nyumbani.

"Ninalitengeneza liwe la kwangu."

"Lilikuwa la nani?"

Kuna maswali ambayo mtu mwenye akili hayajibu.

Sasa, mama mkwe wangu. Nyumbani kwake ni ng'ambo ya Kombewa, kuteremka upande wa ziwa. Miaka kadhaa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, polepole, mpaka akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Kumpeleka kupasuliwa tulikuwa tumeshajaribu mara moja. Nilimwendesha mwenyewe, tukafika hospitali, wakampima presha na kumrudisha nyumbani: imepanda mno, hapasuliwi mtu hivyo. Kikao cha familia kikaketi, na kikaamua kwa kauli moja kwamba presha ile niliipandisha mimi, kwa mwendo wangu wa gari.

Safari ya pili ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja Kisumu kupasua watu katika hospitali moja mjini, na ile ilikuwa siku yao ya kumalizia. Mlango wa kuandikishwa ungefungwa kabla ya adhuhuri, kisha wangefungasha vyombo na kwenda mikoa mingine. Akikosa siku ile, angeendelea kukaa gizani mpaka Mungu ajue lini. Mke wangu alitangulia hospitalini kushika foleni, mimi nikaenda kumchukua mamake.

Lazima nieleze jambo moja kwa wale ambao kwao si hivi. Vijana wa leo hupiga picha wamemkumbatia mama mkwe, wanacheka naye, wanakula naye sahani moja. Sisi wa zamani, hapana. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Humtazami usoni, humpi mkono, huketi mbali naye, na ukiwa na neno la kumwambia unampa mtu wa tatu alipeleke, hata kama wote mko ndani ya gari moja. Huyo wa tatu alikuwa mdogo wake, mjane mchangamfu ambaye katika familia tunamwita Shangazi ingawa si shangazi wa mtu yeyote. Maneno yakipita kwake hayatoki jinsi yalivyoingia.

Siku moja kabla ya safari, Shangazi alinipigia simu. "Mama anasema, safari hii gari lisipite baiskeli."

"Lisipite baiskeli?"

"Ndivyo alivyosema. Ukipita baiskeli, yeye anashuka."

Hapo ndipo kichwa changu kilichovimba kikafanya kazi. Kwenye ule ukurasa wa kubadilisha tabia, palikuwa na sehemu ya kulifunga gari lisizidi mwendo fulani, hata dereva akanyage vipi. Nikasema, kumbe! Mkwe gani mwingine katika Seme nzima anaweza kumpa mama mkwe wake heshima ya namna hii? Nikaandika thelathini. Nikapiga hesabu: nikimchukua asubuhi na mapema, kwa mwendo huo huo wa thelathini tutafika hospitali na muda ukibaki. Nikachomoa kidude, maana kinanyonya betri, nikakitia mfukoni na kulala usingizi wa mtu mwema.

Hesabu yangu ilikuwa safi. Nilichosahau kuhesabu ni akina mama wa kanisa. Nilipofika kule nyumbani niliwakuta wamejaa uani, wamevaa sare zao, wamekuja kumwombea mwenzao. Waliimba. Wakaomba, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja aliwataja madaktari, wauguzi, sindano, barabara, na mimi. Kisha ikaletwa chai na viazi vitamu, na mkwe hawezi kukataa chai ya ukweni. Nilikunywa nikiwa nimekaa kule mwisho kabisa, nimegeukia ukuta kwa adabu, nikitazama saa mpaka shingo ikauma.

Tukaondoka hatimaye. Mama mkwe alikaa nyuma, upande wa kushoto, mbali nami kadiri gari lilivyoruhusu, na Shangazi akakaa katikati kama ukuta. Mpaka Kombewa hapakuwa na shida, barabara ya vumbi yenyewe haikubali zaidi ya thelathini. Tukaingia lami. Hapo simu ikalia, mke wangu.

"Mko wapi?"

"Tuko Kombewa."

"Kombewa!" Alilitamka kwa sauti ya kuita majina darasani. "Watu mbele yangu wamebaki wachache. Wakiisha, mlango unafungwa. Kanyaga mafuta."

Nikakanyaga. Injini ikanguruma, mshale wa mwendo ukapanda mpaka thelathini, ukasimama. Nikakanyaga mpaka mguu ukagusa sakafu. Thelathini. Lilivyonguruma ungedhani tunaruka, na nje miti ilikuwa ikipita taratibu, mmoja mmoja, kama inatusalimia.

Tuktuk ikatupita. Kisha bodaboda iliyobeba kochi la watu wawili, na mtu amekaa juu ya kochi. Shangazi alikuwa akimtangazia dada yake kila kinachotupita, hakuacha hata kimoja. Kwenye mteremko ikaja baiskeli yenye magunia ya makaa, mwenyewe ameachilia breki, akatupita huku akinisalimia kwa heshima.

"Ni nini hiyo?" akauliza mama mkwe.

"Baiskeli," akasema Shangazi.

"Baiskeli imetupita?"

"Imetupita, na ina makaa magunia mawili."

Hapo mama mkwe akasema: "Mwambie mkwe, anaweza kuongeza kidogo."

Ilinibidi niwaeleze, kupitia kwa Shangazi, kwamba siwezi kuongeza, kwa sababu nimelifunga gari kwa simu, kwa ajili ya heshima. Shangazi alinitazama kupitia kile kioo cha juu. "Ati umelifunga? Kwa simu?" Akamgeukia dada yake. "Anasema gari limekubali ulichosema. Sasa limekataa kukukatalia."

Yawa! Nilitamani ardhi inimeze na fobaifo yangu. Nikasimamisha gari kando ya barabara, baada ya Holo, penye kalavati ya saruji ya kupitisha maji.

Ningekuwa peke yangu, kazi ile ni ya dakika chache. Unapiga magoti nje ya mlango wa dereva, unaingiza kichwa chini ya usukani, unachomeka kidude, unabonyeza simu, basi. Lakini mlango wa dereva ulikuwa upande wa barabara, na malori ya mchanga yalikuwa yakipita pale kwa fujo, yakikata upepo karibu na kioo changu. Nikipiga magoti upande ule, ingebidi watu wa Holo wanikusanye kwa koleo. Hivyo nikaona niingilie mlango wa kushoto, nilale juu ya kiti cha abiria, kichwa kifike chini ya usukani.

Shangazi naye alikuwa ameshamshusha dada yake. "Gari likipasuliwa, watu hawakai ndani," alisema, akamkalisha juu ya kalavati, kwenye kivuli, uso kwa uso na ule mlango wa kushoto.

Niliinama niingie, nikasimama tena ghafla. Nimesema mimi si mtu mdogo. Sikusema? Basi nasema sasa: mimi si mtu mdogo, hasa kwa nyuma. Na kichwa changu kikishafika chini ya usukani, sehemu yangu inayobaki nje ya mlango, imeinuliwa juu, imemwelekea mama mkwe wangu hatua chache tu, ni ile ambayo mkwe akimwonyesha mama mkwe, ni heri ahame nchi.

"Shangazi," nikanong'ona, "mwombe ageukie kule milimani."

"Mkwe anakuomba ugeuke."

"Kwa nini? Mimi sioni kitu," akasema mama mkwe.

Nikafikiri. Kwa kweli, haoni. Je, makosa ya namna hii yanahesabiwa kwa anayeonyesha au kwa anayeona? Nilianza kumweleza Shangazi hoja hiyo, nikaona ina mantiki nzuri kabisa, lakini alinikatiza.

"Anaona mwanga na vivuli," akasema. "Na kivuli chako si kidogo, baba."

Nikajaribu kuingia kinyumenyume, tumbo likagoma kwenye dashibodi. Nikajaribu kulala chali, miguu ikatoka nje, nyayo zikamwelekea yeye, na hiyo nayo ni mbaya. Simu ikalia, mke wangu, sikuipokea. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viatu. Nilimlaani Kalasinga, nikailaani programu, nikawalaani waliotengeneza gari wakaweka tundu la kidude chini ya usukani kama kwamba dunia nzima haina mama wakwe.

Shangazi ndiye aliyefungua leso yake kiunoni. "Ingia," akasema. "Nitaziba."

Basi akaishika ile leso kwa mikono miwili, akaitandaza mlangoni mwa gari kama pazia, nami nikaingia kichwa mbele, nikalala. Tundu lile limelegea, kidude hakikai bila kushikiliwa, hivyo mkono mmoja nikakishika, mwingine nikashika simu, na shingo imekunjwa nisivyoweza kueleza. Programu ikaanza kuandika. Asilimia kumi. Ishirini. Nilikuwa nikigumia kwa maumivu.

Sasa tazama mambo hayo kwa macho ya mama aliyekuwa akiuza ndizi ng'ambo ya barabara. Gari limesimama ghafla. Mlango uko wazi, leso imetandazwa mlangoni, mwanamke anaishikilia kwa nguvu zote. Bibi mzee amekaa kando. Ndani ya gari mtu anagumia. Angehitaji kuambiwa nini zaidi?

"Woi! Mtu anajifungua!" akapiga ukelele, akavuka barabara na beseni la maji.

Walikuja wote. Waendesha boda waliacha pikipiki zao, akina mama waliacha majembe shambani, mmoja alikuwa akiuliza kama kuna mwenye wembe mpya. Nilisikia sauti ya mwanamke mzee, mkunga bila shaka, akimuuliza Shangazi, "Kichwa kimeonekana?"

Na Shangazi, Mungu amsamehe, akajibu, "Kichwa kiko ndani kabisa. Huku nje yametangulia makalio."

"Mungu wangu, anakuja vibaya!"

Nilipiga kelele kutoka chini ya usukani, "Hakuna anayezaa! Natengeneza gari!"

"Bwana wake yuko ndani naye," mtu akaeleza wenzake. "Amechanganyikiwa."

Kisha mwendesha boda mmoja akalitambua gari. "Hii si gari ya daktari wa ng'ombe? Ile ya kuja kwetu Kombewa?" Halafu ikawa vurugu: ati daktari wa ng'ombe anamzalisha mtu kando ya barabara, ati kwani hospitali zimefungwa, ati serikali iko wapi. Asilimia themanini. Tisini. Na pale pale kwenye tisini, simu ikalia mkononi mwangu, uso wa mke wangu ukajaa kioo chote, na maandishi yakakatika. *Imeshindikana. Anza upya.*

Niliipokea nikiwa nimepandwa na hasira zote za dunia. "Usinipigie!"

"Wewe unaniambia mimi nisikupigie?"

Nikakata. Kukata simu ya mwalimu mkuu! Nikamwambia Shangazi ampigie kwa simu yake amweleze anyamaze kidogo. Shangazi akaibana leso kwa kidevu na kumpigia. "Binti yangu, mwache mumeo," nikamsikia. "Amelala kwa gari, nimeziba na leso, watu wamejaa, hata maji yameletwa." Kelele ya mke wangu niliisikia mpaka kule chini ya usukani, bila spika.

Nikaifungia simu isipokee mtu yeyote, nikaanza upya. Na katika kungoja ule mwendo wa konokono, kumi, ishirini, thelathini, nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nioe. Mama mkwe wangu alikuwa akicheka. Si kicheko cha adabu. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa, anapiga kalavati kwa kiganja, anamwambia dada yake, "Niambie tena, niambie tena yule wa wembe alisema nini." Nililala pale nikasikiliza, na sitasema uongo, ilinifurahisha moyo.

Asilimia mia. Nikatoka kinyumenyume, Shangazi akinisindikiza na leso mpaka nikasimama wima. Mama wa ndizi alikuwa bado amenyoosha beseni lake.

"Ni kijana ama msichana?"

"Ni gari, mama," nikasema. "Tunampeleka huyu mzee wetu kupasuliwa macho, na tumechelewa."

Hakuna aliyekasirika. Nadhani watu wakishakimbia kuja kusaidia, hawapendi kurudi bure. Wale wa boda walirudi kwenye pikipiki zao, watatu wakatangulia mbele yetu wakipiga honi, wakitusafishia njia. Nikakanyaga mafuta na fobaifo ikaruka. Tulipita tuktuk, tukapita kochi, tukampita yule wa makaa mlimani akisukuma. Shangazi alifumba macho. Nilijiambia, presha hiyo, sasa inapanda, umemaliza kila kitu mwenyewe, na nikaanza kupunguza.

"Mkwe," ikaja sauti kutoka nyuma. Haikupitia kwa mtu. "Usipunguze. Ongeza."

Shangazi alifumbua macho akamtazama dada yake kama hamjui.

"Ndiyo, Mama," nikajibu, moja kwa moja, nikakanyaga tena. Tukapita Kisian hivyo, tukaingia mji.

Hospitalini tulimkuta mke wangu amesimama kizingitini mwa chumba cha kuandikisha, mguu mmoja ndani, mwingine nje, na karani ameshika kitasa, hawezi kufunga bila kumbana mwalimu mkuu. Walikuwa wametazamana hivyo kwa muda, ilionekana. Alipotuona alimshika mamake mkono na kumwingiza.

Kisha presha. Sisi watatu tulisimama tukiitazama ile mashine kana kwamba inasoma matokeo ya mtihani wa kitaifa. Muuguzi alipima. Akakunja uso, akapima tena mkono wa pili. Nilifikiri ndiyo basi.

"Huyu mama," akasema muuguzi, "ametulia kuliko mimi."

Sijasoma popote, katika vitabu vya watu au vya ng'ombe, kwamba kicheko cha kalavatini kinashusha presha. Lakini mimi najua nilichokiona. Walimpasua jicho moja mchana ule ule, wakamfunga bandeji na kumlaza.

Asubuhi yake bandeji ilitolewa. Mimi nilisimama mlangoni mwa wodi, nimegeuka upande, inavyonipasa. Muuguzi alimfuta jicho taratibu, akamwambia afumbue. Alifumbua, akafumba kwa sababu ya mwanga, akafumbua tena. Alitazama dirisha. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku. Akamwona Shangazi, akamwambia leso yake imepauka, na Shangazi akaanza kumwambia alivyoitumia vibaya jana yake.

Kisha akamwona mke wangu, aliyekuwa amekaa pale kitandani kando yake. Alinyoosha mkono akamshusha kitambaa cha kichwani, akashika nywele za mbele, akazileta karibu na lile jicho lililofunguliwa.

"Hii ni nini?"

"Mvi, Mama."

"Zimeanza lini?"

"Zamani."

"Na hapa?" Alimpitisha kidole kwenye mikunjo ya kando ya mdomo. Mke wangu, anayenyamazisha shule nzima kwa kukohoa, alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto, machozi yanamdondokea mapajani.

"Kila Jumapili ulikuwa unakuja, tunakaa pamoja," akasema mamake. "Kumbe umezeeka hapa hapa mbele yangu, na mimi nipo."

Alimvuta kichwa akakilaza begani, akawa anazipapasa zile nywele, anazitazama, anazipapasa. Mimi nikarudi nyuma mpaka nje kwenye veranda, nikauvuta mlango.